Fundi Anauliza: “Revere Gani?”

Ndugu musomaji, tufikiri siku moja. Kitambaa kimefika. Labda kilitoka Goma kwa ndege, ao kilipanda pikipiki kule Kindu, kimefungwa ndani ya plastiki juu ya mvua, kikapita matope na vivuko hata kufika hapa Punia. Juu ya kitambaa kile baba aliuza mbuzi, mama aliweka akiba ya soko, na wewe mwenyewe ulihesabu kilo za kasiterite juma kwa juma. Arusi iko karibu. Unaingia kwa fundi, unakunjua kitambaa chako mezani. Fundi anakipapasa, anakisifu, anakupima mabega, kifua, kiuno na mikono. Kisha anauliza: “Revere gani?”

Unacheka kidogo, unajibu: “Papa, wewe ndiye fundi. Fanya tu ile inafaa.”

Ni jibu la heshima. Lakini ni jibu la hatari pia. Kesho mukasi utapita, na mukasi haurudi nyuma. Suruali ikiwa ndefu, inakatwa. Mukono ukiwa mufupi, mara nyingine unaweza kushushwa. Lakini revere ikikatwa vibaya, vesti nzima imeharibika, na hakuna kitambaa kingine. Ndiyo sababu mwezi huu tunazungumza juu ya jambo hili dogo. Ni dogo kwa macho, si dogo kwa mufuko wa nyumba.

REVERE NI KITU GANI?

Simama mbele ya mutu aliyevaa kostime. Kola ni ile sehemu inayozunguka shingo kwa nyuma. Revere ni ile sehemu ya mbele ya vesti inayogeuzwa nje na kulala juu ya kifua, kuume na kushoto, hata kufika kwenye kifungo cha kwanza. Kola na revere vinakutana karibu na shingo, kwenye mushono mumoja. Umbo la pahali pale vinapokutana ndilo linaonyesha ni vesti ya namna gani.

Zamani kule Ulaya makoti ya wanaume, zaidi ya waaskari, yalifungwa kwa vifungo hata chini ya kidevu. Mutu akisikia joto alifungua vifungo vya juu, na kitambaa kikajigeuza chenyewe nje. Watu wakaona inapendeza, mafundi wakaanza kuishona hivyo tangu mwanzo. Ushuhuda wa mambo yale ungali pale: angalia revere ya kushoto, utaona tundu la kifungo lisilokuwa na kifungo chake. Zamani lilifunga koti juu shingoni. Leo bwana-arusi anaweka ua ndani yake.

MIAKA AMBAYO SWALI HALIKUULIZWA

Vijana wengi hawajui kwamba kulikuwa miaka ambayo fundi wa inchi hii hakuweza kuuliza “Revere gani?” Hebu waulize wazee nyumbani.

Kabla ya miaka ile, kostime ilikuwa alama ya mutu aliyesoma, karani, mwalimu, mufanyakazi wa ofisi. Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwa kompani ya madini kule Kalima, anaonekana katika picha za mwaka wa 1960 na kostime safi na karavati ya kipepeo.

Halafu Mobutu akaleta siasa ya kurudia asili, ile iliyoitwa otantisite. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikapata jina la Zaire. Mwaka wa 1972 watu wakaambiwa waache majina ya ubatizo yaliyotoka Ulaya. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Na nguo nazo zikaguswa. Kostime na karavati zikakatazwa, na mahali pao pakaingia abakosti. Jina lile lenyewe linatoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya “kostime ianguke.” Ilikuwa vesti ya kufungwa juu karibu na shingo, ya kuvaliwa pasipo karavati, pasipo ile revere ndefu ya kostime. Wakubwa walifunga kitambaa chepesi shingoni. Mutu aliyefanya kazi kwa SOMINKI katika miaka ile, akitaka nguo ya sherehe, fundi alijua tayari atakata nini.

Hatusemi kwamba abakosti ilikuwa nguo mbaya. Kwa joto letu ilikuwa na faida yake, na wazee wengine wanaipenda hata leo. Ubaya ulikuwa hapa: mutu hakuchagua. Kola ya shingo yake iliamuliwa mbali, na mutu mwingine.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N’Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika hotuba ile ile aliruhusu kostime na karavati, ingawa yeye mwenyewe alisema hataacha abakosti yake. Ndivyo ilivyokuwa, ndugu: vyama vingi na revere vilirudi siku moja. Basi kijana anayemujibu fundi “Fanya tu ile inafaa,” anarudisha kwa mikono yake kitu ambacho baba yake alikingojea karibu miaka kumi na nane.

NAMNA TATU ZA REVERE

Namna ni nyingi, lakini mafundi wote wanarudia tatu.

1. Revere ya pengo. Pahali kola inapokutana na revere kuko pengo, kama mudomo uliofunguka kidogo. Katika vitabu vya ushonaji vya Kifaransa inaitwa krani sporti. Ni ya kila siku na ya kila pahali: kazini, kanisani, arusini, kwenye kilio, siku ya kuomba kazi. Inashonwa zaidi kwenye vesti yenye safu moja ya vifungo. Haipigi kelele. Mutu anakuona wewe mbele ya kuona nguo.

2. Revere ya ncha. Hapa ncha ya revere inapanda juu, inaelekea bega, kama mukuki. Inafanya mabega yaonekane mapana na kifua kionekane kirefu. Ni revere ya sherehe, na ndiyo ya kawaida kwenye vesti ya kroaze, ile yenye safu mbili za vifungo, upande mumoja ukilala juu ya mwingine. Inapendeza sana. Lakini ni kazi ngumu: ncha mbili lazima zilingane kabisa. Fundi asiyeizoea atakupa ncha moja inayoangalia mbinguni na nyingine inayoangalia mulango. Tena kroaze inakula kitambaa zaidi, na inapaswa kufungwa kifungo kila mara ukisimama. Ukiiacha wazi, inaning’inia kama pazia.

3. Revere ya shali. Hakuna pengo, hakuna ncha. Ni mustari mumoja wa mviringo kutoka shingoni hata kifungoni, kama shali ya mama. Ilitoka kwenye mavazi ya Wazungu ya kukaa nyumbani jioni, kisha ikawa nguo ya karamu za usiku. Bwana-arusi anaweza kung’aa nayo, zaidi ikiwa imefunikwa kwa satini. Lakini tuseme kweli: kiisha arusi, utaivaa wapi? Kuivaa kwenye kilio cha jirani ni vigumu, na mbele ya mukubwa wa kazi utafanana na muimbaji aliyepotea njia.

Basi shauri letu ni lipi? Kama hii ni vesti yako ya kwanza, na haujui utapata nyingine mwaka gani, chukua revere ya pengo, safu moja, vifungo viwili. Kama una vesti nyingine tayari, na fundi wako amekuonyesha kwa macho revere ya ncha aliyoishona mwenyewe, basi jaribu ile ya ncha. Shali uiache kwa mutu ambaye ni tajiri wa nguo.

UPANA: HAPA NDIPO WENGI WANAANGUKA

Kijana anachukua picha ya muimbaji katika simu, anamuonyesha fundi: “Nataka kama hii.” Lakini revere katika picha ile ni ya mwaka ule. Katika miaka ya 1960 zilikuwa nyembamba kama utepe. Katika miaka ya 1970 kule Ulaya na Amerika zikapanuka kama masikio ya tembo. Baadaye zikapungua tena, na sasa zinapanuka tena kwa wengine. Anayefuata upana wa mwaka, vesti yake itazeeka mbele ya yeye mwenyewe kuzeeka.

Kuko kipimo cha katikati ambacho hakichekwi sana wakati wowote: sentimeta 8 ao 9 pahali revere ni pana zaidi. Hauna metre? Weka vidole vyako vinne pamoja, pasipo dole gumba. Kwa mwanaume mukubwa upana ule unakaribia sentimeta 8. Tena angalia mwili wako. Revere isivuke sana nusu ya nafasi kati ya shingo na mwisho wa bega. Mutu mwembamba akivaa revere pana anaonekana kama mutoto aliyeazima koti la baba. Mutu munene akivaa revere nyembamba, tumbo lake linaongezeka machoni. Karavati nayo ikaribie upana wa revere. Na ncha za kola ya shemizi zijifiche chini ya revere, zisirukeruke nje.

Kumbuka jambo moja zaidi: revere pana, fundi muzuri anaweza kuipunguza kiisha miaka. Revere nyembamba haipanuliwi. Kitambaa kilichoanguka chini ya meza kilikwisha kufagiwa.

MAMBO YA KWETU: JOTO, MVUA NA FERO

Vitabu vya ushonaji vimeandikwa pahali kuko baridi. Sisi tunakaa katika poli, pahali pa joto na mvua. Vesti ya safu moja unaweza kuifungua upepo uingie. Kroaze inakufunga kifua na vitambaa viwili muchana kutwa. Siku ya arusi, wakati ibada ni ndefu na watu wamejaa hata milangoni, utaijua tofauti ile.

Mvua nayo ni adui wa revere. Ndani ya revere kuko kitambaa kigumu kinachoisaidia kusimama. Mafundi wengine wanakibandika kwa gundi na moto wa fero. Ni kazi ya haraka na bei ni nafuu. Lakini gundi hafifu ikilowa na kupigwa fero mara nyingi inaachia, na juu ya revere yako yanaonekana mapovu kama uji unaochemka. Mafundi wengine wanakishona kwa mukono, sindano kwa sindano. Inachukua siku zaidi, lakini inadumu. Uliza: “Papa, ndani utabandika ao utashona?” Ukiweza kulipa kidogo zaidi, ulipe pale. Ni bora kuliko kulipia vifungo vya rangi ya zahabu.

Na ninyi mama na dada munaopiga fero nyumbani: kitambaa cha terigali kikiguswa na fero ya makaa yenye moto sana kinang’aa kama kioo, na ule mungao hautoki. Weka kitambaa chepesi chenye maji kidogo juu yake. Tena musilaze revere chapati kwa kuikandamiza. Revere nzuri inajikunja polepole pale karibu na kifungo, kama ukurasa wa kitabu kilichofunguliwa.

MBELE YA MUKASI: FANYA HIVI

Kwanza, andika katika karatasi siku tano ambazo utavaa vesti hii kiisha siku ya arusi. Kama hauwezi kufikisha tano, revere uliyoichagua si yako.

Pili, chukua gazeti la zamani ao karatasi ya kaki. Kata revere mbili, moja ya pengo na moja ya ncha, kwa upana unaoufikiri. Zifunge kwa pini juu ya shemizi yako, simama mbele ya kioo, mwite dada yako ao mama yako aangalie. Karatasi haina bei. Ukikosa, unakata nyingine.

Tatu, omba fundi akuonyeshe vesti aliyokwisha kushona, isiwe picha tu. Angalia revere ya kuume na ya kushoto: zinalingana? Ncha zinalala ao zinajikunja kama jani kavu?

Ine, hesabu kitambaa mbele ya kuamua. Kwa mwanaume wa kimo cha kawaida kostime ya safu moja, vesti na suruali, inaomba karibu mita 3 na nusu za kitambaa chenye upana wa mita 1 na nusu. Kama una mita 3 tu, usiombe kroaze. Fundi atakubali juu ya kukufurahisha, na utalipa ule ukarimu kwa suruali inayobana.

Tano, muambie fundi aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni. Bwana-arusi wa leo, mwenye muke anayejua kupika, hatabaki na kiuno kile kile.

Sita, rudi kujaribu vesti wakati ingali na nyuzi za muda. Wengi wanaona haya kurudi, wanangoja siku ya arusi yenyewe. Siku ile fundi hawezi tena kukusaidia, na wageni watakusifu kwa mudomo tu.

MASAPERI, DENI NA VESTI MOJA

Kijana mwingine atasema: “Lakini Papa Wemba alituonyesha namna ya kuvaa!” Ni kweli. Papa Wemba, muzaliwa wa Lubefu kule Sankuru, jirani wa Maniema yetu, alianzisha Viva la Musica mwaka wa 1977, na kwa njia yake vijana wengi walijua majina ya mafundi wakubwa wa Ulaya na wa Japani. Alianguka jukwaani Abidjan akafa tarehe 24 Aprili 2016, siku ile ile kostime iliporuhusiwa miaka 26 mbele. Masaperi wenye akili wanafundisha mambo mazuri: usafi, viatu vilivyopigwa rangi, kutopitisha rangi tatu kwa mwili mumoja. Tuchukue yale. Bei zao tuwaachie.

Kwa maana sisi watu wa migodi tunajua feza inavyokuja na inavyokimbia. Wazee wanakumbuka Oktoba 1985, wakati soko la etain la London lilisimama na bei ikaporomoka. SOMINKI, iliyoanza mwaka wa 1976, ilifika mwisho wake mwaka wa 1997, na SAKIMA ikachukua nafasi yake. Kati ya majina yale mawili kuko nyumba nyingi zilizouza vitanda. Na leo muchimbaji anaweza kupata feza nyingi juma moja, halafu miezi mitatu akakosa hata sabuni.

Katika maisha ya namna hii, vesti moja inapaswa kupita miaka ya shibe na miaka ya njaa. Itakusindikiza arusini, itakusindikiza kumuzika baba, itasimama nawe siku mutoto wako anapokea diploma. Labda mudogo wako ataiazima aende kuomba kazi Kindu. Ukikopa feza juu ya shali ya satini, ukaivaa siku moja, deni litakaa nyumbani kwenu kama mugeni asiyeaga, na bibi-arusi wako ataanza ndoa kwa kulipa revere. Tumeona ndoa changa ambazo ugomvi wao wa kwanza ulikuwa juu ya deni la nguo za siku moja.

Wazazi, musimuchekeshe kijana anayetaka kupendeza. Kupendeza si kosa. Mufuateni kwa fundi, musikie bei pamoja naye. Na ninyi vijana, musifiche bei.

Basi, ndugu musomaji, siku fundi atakuuliza “Revere gani?” usimuache ajibu mwenyewe. Mujibu kwa sauti: “Papa, ya pengo, safu moja, vifungo viwili, upana wa vidole vyangu vinne. Na ndani ushone, usibandike.” Utaona fundi atakuangalia mara ya pili, na kitambaa chako atakikata polepole zaidi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Baba, babu: ulivaa nini siku ya arusi yako? Nani aliamua kola yake?
2. Katika nyumba yetu, ni nguo gani iliyotumika miaka mingi zaidi? Sababu gani ilidumu?
3. Kama tungekuwa na kitambaa cha kostime moja tu kwa wanaume wote wa nyumba, tungechagua revere gani ili kila mumoja aweze kuivaa?